Kiti cha Mbele, Upande wa Kushoto

Uyole, Mbeya
Jumamosi, saa nane mchana
Miaka kumi na moja na miezi mitatu tangu tuhame Iringa

Mwanangu Atupele,

Umetoka kwenda Mwanjelwa kuwaaga mama zako wadogo, na mama yako bado yuko Ubaruku kwenye mashine, anakukoboshea mchele wa kubeba. Nyumba ina mimi na begi lako hapo mlangoni. Nimelipita mara nne tangu ulipotoka. Mara ya kwanza nilijidai naangalia kama zipu imefunga vizuri. Mara zilizofuata sikuwa na hata kisingizio hicho.

Mambo ya sweta, nauli na kupiga simu ukifika Makambako atakwambia mama yako, na atayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba tangu ukiwa darasa la sita, na lingeweza kuendelea kukaa nilipoliweka kama usingerudi kutoka Iringa wiki tatu zilizopita ukiwa na furaha ile.

Unakumbuka. Ulikuwa umekwenda kuripoti kwenye kituo cha afya ulikopangiwa kazi ya maabara. Ukarudi jioni, hujavua hata viatu, ukasema:

"Baba, nimepata chumba! Mlandege, kwa Mwalimu Eliya Kihwele. Mama Neema kanikumbuka, kalia kabisa. Halafu, Baba, lile gari letu la rangi ya fedha bado lipo! Neema ndiye analiendesha siku hizi. Alinipokea nalo Ipogolo, tukapanda mlima tunaimba, mimi nimekaa mbele kama bosi."

Nikainuka nikatoka nje. Ukamwuliza mama yako, "Baba kakasirika?" Nilikusikia. Sikuwa nimekasirika, mwanangu. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya jiko.

Lile halikuwa gari letu kwa maana ya familia. Lilikuwa gari la nne kati ya yale niliyouza. Mshahara wa mwalimu wa jiografia ulikuwa na mipaka yake, nami nilikuwa na utaratibu wangu: naagiza gari moja dogo lililotumika kutoka Japani, naliendesha miezi mitatu au minne, kisha nauza na kuagiza jingine. Viti nilikuwa siviondoi nailoni. Wewe ulikuwa unalalamika kwamba zinakubana mapajani wakati wa joto, na mimi nilikuwa nakukemea usizichane.

Sababu ya nailoni ni ileile ya yote niliyofanya. Iringa ya wakati ule, na hata Mbeya ya leo, mtu akinunua gari haulizi kwanza kama linakwenda. Anauliza kama limefunguliwa. "Haijafunguliwa" lilikuwa neno kubwa kuliko yote ambayo muuzaji angeweza kuyatamka. Maana yake ni kwamba hakuna fundi wa Tanzania aliyeligusa kwa bisibisi. Jinsi lilivyoshuka melini ndivyo lilivyo. Mnunuzi alikuja na fundi wake, na yule fundi alipitisha ukucha kwenye maungio ya dashibodi, akaangalia vichwa vya skrubu kama vina mikwaruzo. Akiona mkwaruzo mmoja anatikisa kichwa, na biashara imekufa. Dashibodi iliyofunguliwa ilimaanisha ajali: mifuko ya hewa ililipuka, ikafichwa, gari likapakwa rangi. Tulikuwa tunaogopa alama ya mkono wa fundi kuliko ubovu wenyewe. Niliwafundisha wanafunzi jinsi ya kusoma ramani ya nchi ambazo sijazikanyaga, lakini jambo hilo sikuwahi kulitafakari hata siku moja.

Mwaka ule nilikwenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani, nikaenda na gari lile la rangi ya fedha. Siku ya mwisho nikapitia gereji ya wakala wa magari yale, kumsalimia Gervas, mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa fundi pale. Akaandika namba ya chesisi kutoka kwenye kadi, kwa mazoea tu, akaingia ofisini. Alitoka akiwa si yule aliyeingia.

"Mwalimu, gari lako liko kwenye orodha."

"Orodha ya nini?"

"Ya magari yaliyoitwa. Kiwanda kimeyaita yote duniani yarudi kurekebishwa. Hii mifuko ya hewa, wa kwenye usukani na wa kule kushoto, kuna kifaa cha chuma ndani kinachoijaza. Dawa yake ikizeeka inapokea unyevu. Ukigonga hata kidogo kifaa chenyewe kinapasuka, vipande vinakuja usoni. Liache hapa, saa mbili tu nakubadilishia vyote viwili."

"Mnatoza nini?"

"Bure, Mwalimu. Kosa ni la kiwanda, kinalipa kiwanda."

"Lakini mtafungua dashibodi."

"Sasa tutaingilia wapi? Dirishani?"

Nikamwambia nina mteja Iringa. Nikamweleza habari ya ukucha na skrubu. Akacheka, ila si kicheko cha kunidharau; alikuwa bado ananiheshimu.

"Mwalimu, unaogopa bisibisi kuliko bomu? Nitakupa karatasi yenye mhuri inayoeleza kilichofanyika."

"Nani Iringa atasoma karatasi? Wataona gari lina kasoro mpaka kiwanda kimekiri."

Nikaondoka. Nilijiambia kwamba mnunuzi, akishalinunua, atalipeleka mwenyewe. Nilijiambia hivyo mpaka Morogoro. Kuanzia Morogoro sikujiambia kitu.

Mnunuzi alikuwa Eliya.

Unamkumbuka kwa kiasi gani? Alifundisha hesabu katika chumba cha pili kutoka changu, na nyumba zetu pale Mlandege zilitenganishwa na ua wa michongoma. Aliongoza kwaya ya usharika. Alikuwa na sauti nzito ambayo, akisema "kamwene" barabarani, mtu aliye ng'ambo ya pili aliitikia akidhani kasalimiwa yeye. Jioni za Jumamosi tulikuwa tunakunywa pombe ya ulanzi kwa kificho kidogo, yeye kwa sababu ya kwaya, mimi kwa sababu ya mama yako.

Alikuja na fundi wake, mzee mmoja mwembamba. Mzee akapitisha ukucha, akachungulia skrubu, akasimama akanyoosha mgongo.

"Hii haijafunguliwa, Mwalimu. Bikira kabisa."

"Wewe mzee, chunga mdomo, hapa kuna watu wa kanisa," Eliya akasema, na wote tukacheka. Kisha akaniangalia. Si kwa mashaka. Aliniuliza kama mtu anavyomwuliza rafiki:

"Kuna kitu chochote natakiwa nikijue?"

Nikamjibu, "Hakijaguswa kitu."

Lile jibu nimelirudia kichwani maelfu ya mara, na kila mara nakutana na ukweli uleule: halikuwa na uongo hata neno moja. Kweli hakikuwa kimeguswa kitu. Ndiyo sababu halisameheki. Mtu akidanganya, anajua amedanganya, na huenda siku moja akatubu. Mimi nilijificha ndani ya kauli ya kweli, nikakaa humo kwa raha miezi miwili mizima.

Alhamisi moja, saa kumi na moja jioni, alikuwa anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Mbele yake kulikuwa na lori la viazi, likasimama ghafla. Akaligonga nyuma kwa mwendo wa mtu anayetafuta mahali pa kuegesha. Taa moja ya mbele ilipasuka, na bampa likapata mkunjo. Watu walikimbilia wakidhani watamkuta anacheka. Walimkuta amejishika shingo. Askari aliyefika aliuliza kwanza nani kampiga mtu huyu risasi.

Nilimwona hospitalini siku ya tatu. Alikuwa na bandeji kuanzia kidevuni mpaka kifuani na daftari la shule juu ya tumbo, kwa sababu hakuweza kusema. Mama Neema alinishukuru kwa matunda. Eliya alichukua kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akanigeuzia daftari nisome:

*Ni nini kilinipiga?*

Mwanangu, nilikuwa najua. Pengine katika Iringa nzima nilikuwa mtu pekee aliyejua. Madaktari walidhani ni kipande cha usukani, na mafundi walisema ndivyo magari yanavyofanya. Nilisoma swali lile, nikalirudisha daftari, nikasema, "Mungu ndiye anajua."

Akaitikia kwa macho.

Sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono ambao lazima umsogelee ili uusikie, na mwalimu wa darasa la wanafunzi sitini hawezi kufundisha kwa mnong'ono. Walimhamishia ofisini, kupanga mafaili. Kwaya ikapata kiongozi mwingine. Yeye mwenyewe aliendelea kuja mazoezini, akikaa benchi la nyuma na kupiga mapigo kwa vidole gotini. Nilivumilia kumwona hivyo kwa muhula mmoja. Kisha nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Kwenye nafasi ya sababu niliandika "kumfuata mwenza", kwa kuwa mama yako ni mtu wa huku. Wewe tulikwambia Mbeya kuna shule nzuri zaidi. Ulilia kwa ajili ya Neema njia nzima mpaka Igawa.

Sasa nikueleze jambo unalolijua nusu. Unajua kwamba hapa Uyole vijana wa bodaboda wananiita Mzee Chesisi. Unajua kwamba naingia stendi na daftari langu, naomba kadi za magari, naandika namba, halafu natafuta kwenye tovuti za viwanda au napiga simu kwa mawakala. Mara ya kwanza walidhani mimi ni mtu wa kodi, wakataka kunipiga. Umewahi kuniomba niache kwa sababu wenzako shuleni walikuwa wanacheka. Siyo wazimu wa uzee. Nimekuta magari kadhaa yameitwa, na wenyewe hawana habari, kwa sababu barua ya wito ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza kule Japani, aliyeliuza zamani na kulisahau. Kiwanda hakijui kwamba gari lake linabeba vitunguu Mbalizi. Wengine niliwasindikiza mwenyewe mpaka kwa wakala, nikasimama pale mpaka kifaa kikabadilishwa, bila kutozwa hata shilingi. Mama mmoja alinikumbatia. Nilirudi nyumbani nikiwa najisikia mtu mwema, na usiniulize nilivyojisikia nilipofika kitandani.

Kwa sababu muda wote huo nilikuwa najua kwamba mifuko ile ilikuwa miwili.

Wa kwenye usukani ulilipuka. Wa kushoto, mbele ya abiria, haukulipuka. Nilijiambia kwamba gari lile lilikwisha, liliuzwa vipuri, linafugiwa kuku. Sikuuliza mtu. Kumpigia Eliya na kumwambia "badilisha mfuko wa pili" kungekuwa kumjibu swali lake la daftarini. Kwa hiyo niliwasumbua wageni wa stendi miaka yote hii, na namba moja ya chesisi, ninayoijua kwa moyo kama jina lako, sikuigusa.

Halafu ukaja ukasema umekaa mbele kama bosi.

Nimeshapiga simu kwa wakala. Namba ile bado iko kwenye orodha. Wito hauna mwisho. Hata likipita kwa wenye gari kumi, ubovu utaendelea kurekebishwa bure. Dada aliyepokea aliniuliza, "Mzee, gari hili ni la kwako?" Nikasema lilikuwa. Akasema wanaweza kutuma fundi Iringa kifaa kikifika, baada ya wiki tatu hivi, na kwamba tangu sasa mpaka wakati huo gari lisiendeshwe, na akasisitiza kwamba mtu asithubutu kukaa kiti cha mbele upande wa kushoto.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango. Pembeni yangu hapa kuna bahasha. Ndani nimeandika namba ya chesisi, simu ya wakala na maelezo ya kitaalamu, nusu ukurasa, bila neno moja kunihusu mimi. Ungempa Mwalimu Eliya kesho ukifika. Ungesema, "Baba kasema mwangalie hili." Na ungefika kwao kwa gari lipi? Neema kakuahidi kukupokea Ipogolo. Nilipanga nikuonye ukae kiti cha nyuma. Hivyo tu: kaa nyuma, mwanangu, usiulize.

Nimesoma tena niliyoandika mpaka hapa. Nimeinuka, nimelipita begi lako mara ya tano. Nimeona kwamba nilikuwa nakutuma ukafungue mlango ambao nilikimbia kuufungua mwenyewe, na kwamba katika mpango wangu wewe ungekaa nyuma salama na mtoto wa mtu mwingine angekaa mbele.

Naweka kalamu chini. Nakwenda kupiga simu.

*

Saa kumi na robo.

Nimepiga. Nakuandikia kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuipamba.

Alipokea Mama Neema. "Kamwene, Mwalimu! Yaani umepotea mpaka sura tumeisahau! Mtoto kesho tunaye, usiwe na wasiwasi, chumba nimekipiga deki mara mbili."

"Mama Neema, gari liko wapi?"

"Neema kaenda nalo sokoni. Mbona hata salamu hujaitikia?"

"Yuko na nani?"

"Na wifi yake. Kuna nini, Mwalimu?"

Nikamwambia. Nilianza na mfuko wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa na haraka, nikamwomba ampigie Neema aegeshe gari palepale alipo warudi kwa bajaji. Alikata simu. Nilikaa dakika kumi na mbili nikiitazama simu juu ya meza. Alipopiga tena alikuwa anahema.

"Wameegesha. Wanarudi kwa miguu." Kisha akauliza, "Mwalimu. Huo wa usukani ulikuwa hivyohivyo?"

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua baadaye, au kabla hujatuuzia?"

Unaona, mwanangu, hata pale kulikuwa na kauli moja ya kweli ambayo ningeweza kujificha ndani yake. Ningeweza kusema kwamba sikujua kama kifaa kingepasuka. Ilikuja mpaka kwenye ulimi.

"Kabla," nikasema. "Walitaka kubadilisha bure. Nikakataa wasifungue dashibodi."

Hakulia wala hakunitukana. Nilisikia akienda, nikasikia kiti kikivutwa, nikasikia akimweleza Eliya kwa Kihehe, polepole, kila neno. Halafu ikaja sauti ambayo sikuitarajia. Kalamu kwenye karatasi. Bado anatumia daftari.

"Kaandika," Mama Neema akasema, "ufunguo wa gari tangu leo anakaa nao yeye. Anataka namba ya huyo wakala." Nikaitaja, akairudia tarakimu kwa tarakimu. Kalamu tena.

"Kaandika: mtoto aje. Chumba ni chake. Mtoto hana kosa."

Nikasikia kalamu ikiandika tena.

"Kaandika na jingine. Nisome?"

"Soma."

"Kaandika: wewe usije."

Nikasema nimesikia. Akakata simu.

Basi, Atu. Sasa unajua unakokwenda. Unakwenda kwa watu waliojua habari hii saa moja kabla yako. Ukiona huwezi kulala chini ya paa lao, mama yako ana ndugu Kihesa, niambie leo tubadilishe. Ukienda, usiniombee radhi. Najua utataka kufanya hivyo, nimekulea mimi. Usimweleze Eliya jinsi ninavyohangaika na namba za magari stendi. Ukiweza, kaa karibu naye akinong'ona, umsikilize mpaka mwisho hata kama inachukua muda. Watu wengi humkatiza wakidhani amemaliza. Bahasha nimeichana. Kesho utapokelewa Ipogolo kwa bajaji.

Sijui utakaporudi leo utanitazama vipi. Barua hii nitaiweka juu ya begi, na mimi nitakuwa nje, kule nyuma ya jiko. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitakuelewa, na asubuhi nitakubebea begi mpaka stendi hata kama hatutasema neno.

Juzi uliniuliza kama nitakuja Pasaka kukuona, tupande pamoja jiwe la Gangilonga kama zamani, tulitazame bonde lote. Nilijibu "tutaona", kama nilivyomjibu mama yako kila alipouliza habari ya kiwanja chetu kule, na kama nilivyojijibu mwenyewe kila mwaka tangu tuhame: nikistaafu, tutarudi. Nimeshastaafu. Kiwanja nitakiandikisha kwa jina lako.

Mimi sitarudi Iringa.

Baba yako